Anza Palipo Pazima

Jumamosi yangu ya kwanza ya kujitolea katika hifadhi ya msitu mjini nilifanya kazi saa tatu mfululizo, na kazi yote ikafutwa kwa dakika ishirini.

Nilikuwa nimepewa kipande cha njia, kama hatua mia moja hivi, na agizo la neno moja: safisha. Nami nikasafisha hasa. Nikaokota kila tawi lililoanguka. Nikafagia majani mpaka udongo ukaonekana. Palikuwa na gogo limelala kando ya njia, limeoza upande mmoja na kuota uyoga mfano wa masikio. Nikaliviringisha kwa jasho jingi hadi kwenye rundo langu karibu na lango. Nilipomaliza, njia ilikuwa imekaa kama uwanja unaosubiri wageni. Nikasimama mikono kiunoni, nikingoja mtu apite asifu.

Aliyepita ni Mwalimu. Akalitazama rundo, akanitazama mimi.

"Hivi vyote umevitoa wapi?"

"Mle ndani, Mwalimu."

"Basi ni vya mle ndani, mwanangu. Virudishe."

Nilidhani ananitania. Akanyanyua kidevu kuelekea juu ya kichwa changu. Palikuwa na mfuko wa plastiki umenasa tawini, unapepea kama bendera, na kwa saa tatu sikuwa nimeuona. "Uchafu ni ule," akasema.

Kabla sijalirudisha gogo, aliinama akabandua kipande cha gome lake. Chini palikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu zimetandaa kama pamba iliyochambuliwa. Majongoo wawili walijikunja. Funza mmoja mnene, mtoto wa mbawakawa, alikuwa ndani ya handaki alilolitafuna mwenyewe, na mjusi mwembamba akachomoka bila mkia, mkia ukiwa umeshapotelea kwingine zamani. Mwalimu akalibandika lile gome taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala. Wako mbawakawa wengi wanaokulia ndani ya miti iliyokufa, baadhi yao kwa miaka kadhaa, na hawana pengine pa kukulia. Mimi nilikuwa nimewahamisha wote kwenda kwenye lori la taka, tena kwa nia njema.

Tunamwita Mwalimu ingawa hajawahi kusimama mbele ya darasa lolote. Ni fundi cherehani aliyestaafu, macho yamechoka kutunga uzi lakini hayajachoka kuona. Alianza kuja hifadhini, anavyosema mwenyewe, kwa sababu daktari alimwambia atembee, na kutembea bila kushika kitu mkononi kulimchosha. Akawa anaokota takataka. Kisha akawa anang'oa gugu moja moja. Wengine wakamkuta pale, wakaungana naye, na huo ndio mwanzo wa kikundi chetu. Sijui vikundi vingine huanzaje, ila huwa nawatilia shaka wanaoanza na nembo.

Hifadhi yenyewe ni ndogo. Mwenye haraka huivuka kwa robo saa. Upande mmoja kuna barabara, pande mbili nyua za watu, na wa nne kijito kinachotuletea kila kilichotupwa huko juu. Watu hupenda kuuliza kwa nini msitu uhitaji kutunzwa. Misitu si ilikuwepo kabla yetu, ikijitunza? Swali ni zuri, na jibu lake ni hesabu ya darasa la tano. Chukua msitu wa mraba, kilomita moja kila upande. Hizo ni hekta 100. Tuseme joto, upepo, kelele na mbegu za kigeni hupenya mita 50 kutoka kila ukingo. Bado katikati zinabaki hekta 81 zilizotulia. Sasa chukua kipande cha mita 200 kwa 200, yaani hekta 4, kama vipande vingi vilivyosalia mijini. Toa mita 50 zile zile kila upande. Inabaki hekta 1. Robo tatu ya hifadhi ni ukingo mtupu. Msitu mkubwa hulindwa na ukubwa wake, lakini wa mjini ni kama sebule isiyo na ukuta wa mbele, na kila anayepita ameshaingia.

Na wanaoingia si vibaka tu. Adui mkubwa wa ukingo wetu, kwa uzoefu wangu, ni mtu mstaarabu mwenye bustani. Anapogoa maua yake, anabeba mzigo wa matawi, anautupa nyuma ya uzio wetu akiwa na moyo mweupe kabisa, kwamba si plastiki, ni majani yanarudi kwenye majani. Kumbe katika mzigo huo kuna vipande vinavyoshika udongo baada ya mvua moja. Tumewahi kung'oa humo ua la chungu ambalo jirani alilitambua kwa jina, akatuuliza kama anaweza kulichukua.

Mgeni wetu mkuu ni lantana. Asili yake ni Amerika ya tropiki, na ilizungushwa duniani kama ua la bustani. Siwalaumu walioipenda. Kamata shada lake moja ulitazame kwa karibu: vijiua vya katikati ni vya njano, vya pembeni vimegeuka waridi au vyekundu. Kijiua hubadili rangi baada ya kuchavushwa, kana kwamba kinamwambia kipepeo kuwa hapa pamekwisha, ajaribu kwa jirani. Ni maridadi. Kisha hutoa vitunda vidogo vinavyoiva na kuwa vyeusi vya kung'aa, ndege hula, na mbegu huangukia chini ya tawi lolote ndege atakalotua. Ng'ombe na kondoo wakila majani yake huugua. Sugua jani vidoleni na harufu itakufuata hadi nyumbani. Shina lina vimiiba vinavyochana glavu za bei rahisi. Ukiifyeka kwa panga inachipua upya, mashina matatu mahali pa moja.

Kwa hiyo hatufyeki. Unapiga magoti. Unachimbua kuzunguka shina kwa uma, unatikisa, unasikiliza mzizi unavyoachia. Una mlio wake, kama kitambaa kinachochanika pole pole. Unavuta fundo lote la mizizi, unakung'uta udongo urudi kwenye shimo lake, unasawazisha kwa kiganja, unarudishia majani makavu juu. Mmea uliong'olewa unauning'iniza kwenye panda ya tawi, mizizi juu, usiguse ardhi hata kidogo, maana ukigusa hufufuka. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kumaliza asubuhi nzima katika eneo la ukubwa wa kitanda. Wageni wengi huacha hapo hapo. Wengine huuliza kwa upole, tena wakiwa wamesimama, kama hakuna mashine.

Jambo lililonishangaza zaidi ni mahali pa kuanzia. Kwenye kona ya kaskazini kuna kichaka cha lantana kirefu kuliko mtu, kizito, cheusi kwa ndani, aibu ya hifadhi nzima. Ukiingia langoni ndicho unachokiona kwanza. Mwalimu alikuwa hakigusi. Kila Jumamosi alituvusha mbele yake kama hakipo, akatupeleka ndani kabisa, mahali penye miti ya asili, kivuli, udongo laini, ambapo palikuwa na gugu moja hapa, jingine kule. Tukang'oa hayo. Akafunga uzi mwekundu kwenye vijiti kuonyesha tulipoishia. Jumamosi iliyofuata tukaanza kwenye uzi.

Nilimuuliza. Kwa mimi ilikuwa sawa na kufagia chumba cha ndani huku sebule inanuka.

"Nguo ikichanika," akasema, "sindano unaichoma wapi?"

"Kwenye tundu."

"Kwenye tundu kuna nini cha kushika?"

Nikanyamaza. Akachukua pindo la shati lake akanionyesha. Unachoma kwenye kitambaa kizima, kando ya tundu, ndipo uzi upate pa kushika. Kisha unaelekea kwenye uharibifu kidogo kidogo, kila mshono ukishikwa na uliotangulia. Anayeanza katikati ya tundu anamaliza uzi na tundu linabaki.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kuna watu waliofika hapo hapo kwa njia nyingine. Jijini Sydney, katika miaka ya 1960, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walikuwa wakitembea katika vipande vya msitu kando ya bandari, eneo la Mosman, wakaona jambo ambalo waliokabidhiwa kufyeka hawakuliona: kila palipofyekwa pote kwa pamoja, magugu yalirudi mabaya kuliko mwanzo. Wakaanza kung'oa kwa mikono. Kanuni zao zilikuwa tatu. Toka palipo pazuri kuelekea palipo pabaya. Udongo usiuguse kuliko inavyolazimu, na ukishaugusa urudishe ulivyokuwa. Na usiende mbele kwa kasi kuliko mimea ya asili inavyoweza kurudi yenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo inayouma, kwa sababu ratiba inashikwa na mmea, si na wewe. Njia yao mpaka leo inaitwa kwa jina lao. Nilipomsimulia Mwalimu hakushangaa. Aliuliza tu kama walikuwa mafundi wa nguo.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa mara moja. Sikuelewa, na ushahidi upo.

Mwaka wangu wa tatu, Mwalimu akiwa amesafiri, kampuni moja iliomba kuleta wafanyakazi wake kwa siku ya kujitolea. Watu sitini, fulana mpya, mpiga picha, lori la kubebea taka, na miche 200. Kikundi chetu siku nzuri kina watu tisa. Niliona sitini hao nikasikia kichwa kinanizunguka kwa furaha, maana hiyo ni nguvu ya miezi. Nikawapeleka moja kwa moja kwenye kile kichaka cha kaskazini.

Kufikia adhuhuri hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa, kimeburutwa, kimepakiwa. Jua liligusa udongo ambao haukuwa umeliona kwa miaka mingi. Tukapanda miche kwa mistari, tukapiga picha, tukapongezana. Picha ile bado ninayo na nimecheka ndani yake kuliko wote.

Asubuhi ya pili nilirudi peke yangu kutazama ushindi wangu. Kitu cha kwanza kilikuwa ukimya. Kichaka kile, pamoja na ugeni wake wote, kilikuwa nyumba. Ndege wadogo walilala humo wakijificha paka wa mitaani, na mimi nilikuwa nimewabomolea kwa asubuhi moja bila kuwapa pa kwenda. Kisha mvua ikaja, na udongo uliokuwa uchi ukashuka kijitoni; maji yakawa mekundu siku mbili. Baada ya wiki sita ardhi ilifunikwa na zulia la kijani. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja, hadi nilipochutama nikasugua jani vidoleni. Harufu ile ile. Mbegu zilizokuwa zimelala udongoni miaka yote, zikikosa mwanga, zilikuwa zimeitwa zote kwa pamoja, na mimi ndiye niliyeziita.

Miche nayo? Ilipandwa mwishoni mwa msimu kwa sababu tarehe ilipangwa na ofisi ya watu, si na mvua. Hakuna aliyepewa zamu ya kumwagilia. Mwisho wa kiangazi nilihesabu 11.

Mwalimu aliporudi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alizunguka eneo lote polepole, mikono nyuma. Kisha akatoa uzi wake mfukoni, akaenda kwenye mpaka wa msitu mzima, akafunga. Tukaanza pale. Ilituchukua zaidi ya miaka miwili kurejesha kilichoharibiwa kwa saa nne, na mpaka leo kuna sehemu ninapita nikitazama pembeni.

Tangu hapo nimekuwa mkorofi kidogo juu ya upandaji miti. Nakiri. Kila mtu anataka kupanda. Kupanda kuna picha, kuna hotuba, kuna idadi ya kutangaza. Kung'oa hakuna picha. Ukimaliza vizuri, mahali panaonekana kama hapakuguswa. Katika eneo ambalo bado lina miti mama jirani na mbegu ardhini, mara nyingi mche wa kitalu hauhitajiki kabisa. Ondoa kinachoziba, subiri, na vitaota vyenyewe vile vinavyopapenda hapo. Sisemi usipande kamwe. Kuna mahali ardhi imechoka hata haina cha kukumbuka. Ila ukija kwetu na miche kwenye lori, utaulizwa kwanza nani atailetea maji mwezi wa tatu baada ya wewe kuondoka.

Na bado kuna upandaji ninaouvulia kofia. Msitu wa Karura, ndani ya jiji la Nairobi, una takriban hekta 1,000, na ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimeanza kugawiwa wajenzi. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda huko na miche, wakapigwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Miche ile haikuwa ya kujaza pengo la kivuli. Mche uliopandwa mahali panapotaka kumwagwa zege ni saini, unasema ardhi hii ina mwenyewe. Msitu ulibaki. Miaka ikapita ukiwa bado unaogopwa kwa ujambazi, hadi wananchi walipojiunga katika chama cha marafiki wa msitu, wakashirikiana na idara ya misitu, uzio ukawekwa, miti ya kigeni ikaanza kupisha ya asili, na watu wakarudi kutembea. Nikisikia mtu anasema watu wa kujitolea ni waokota takataka tu, huo ndio mfano ninaoutoa, kisha nasema pia kwamba tunaokota takataka.

Majirani ni somo jingine, na hili sijalimudu. Tuliwahi kuomba kibali cha kukata miti mitatu ya kigeni, mikubwa, iliyokuwa ikimwaga mbegu juu ya kila tulichosafisha. Kibali kikatoka. Siku ya kukata, mama mmoja kutoka nyumba ya pili alisimama chini ya mti wa kwanza akakataa kuondoka. Alisema mti ule ndio uliomkinga jua alipokuwa mjamzito. Nilikuwa na karatasi yenye mhuri. Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma yaliyowapata wenzetu wa Chicago, ambako watu wa kujitolea walianza mwaka 1977 kurejesha nyasi za asili kando ya tawi la kaskazini la mto wa jiji, wakikusanya mbegu kwa mikono, wakikata miti iliyovamia na kutumia moto unaodhibitiwa. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na ruhusa. Mwaka 1996 kazi ikasimamishwa kwa amri baada ya wakazi kulalamika kwamba hakuna aliyewauliza juu ya miti waliyoizoea. Iliruhusiwa tena baadaye, ila kwa masharti na mivutano ya muda mrefu. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama. Tulikata miti miwili. Wa tatu upo, na kila mwaka tunang'oa watoto wake. Mama huyo sasa hutufungulia bomba la maji, jambo ambalo mhuri usingelifanya.

Kwa vile kazi yetu ikifaulu haionekani, tumejifunza kuitunzia kumbukumbu. Tuna vigingi vinne vya chuma, kila kimoja na namba. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mmoja wetu anaweka simu juu ya kigingi, anaelekeza upande ule ule, anapiga picha. Basi. Picha moja haina maana yoyote, ni majani. Zipange thelathini na sita kwa mfuatano uzipitishe kwa kidole haraka, utaona kijani cha aina moja kinarudi nyuma na vijani vya aina nyingi vinakuja mbele, kama maji yanayokupwa na kujaa. Tuna daftari pia: ndege waliosikika, mimea iliyochanua, idadi ya magunia ya taka. Mwandishi wa daftari ni kijana aliyeletwa na mama yake kwa lazima, akiwa amekunja uso. Sasa ndiye anayetukemea tukiandika "ndege mdogo wa kahawia".

Wanaobaki huwa si wale unaowatarajia. Wenye hotuba ndefu siku ya kwanza huwaoni ya tatu. Anayebaki ni yule aliyekaa kimya akauliza choo kiko wapi.

Jumamosi iliyopita tulisogeza uzi hatua nne. Alikuja mgeni, kijana mwenye mabega mapana na panga lake mwenyewe, lililonolewa. Alipoliona pori lililosalia kona ya kaskazini macho yakamng'aa. Niliitambua ile furaha. "Tuanze na lile," akasema. Mwalimu akampokea lile panga kwa heshima zote, akaliweka juu ya turubai pamoja na vifaa vingine, akampa uma na kipande cha gunia cha kupigia magoti. "Lile tutalifikia," akamwambia. "Njoo nikuonyeshe palipo pazima."

Mawingu yalifunga kabla ya saa tano, nikapiga filimbi. Zamu ya kuhesabu vifaa ilikuwa yangu. Mikasi kumi na moja, sawa. Panga moja la mgeni. Uma za kuchimbulia saba, na zinapaswa kuwa nane. Nikahesabu tena, nikakung'uta turubai, nikamlaumu yule wa wiki iliyopita. Matone ya kwanza yakaanza kupiga majani ya juu. Mwalimu akanigusa mkono akaelekeza kidevu ndani, ng'ambo ya uzi. Mgeni alikuwa bado kwenye magoti yake, mgongo kwetu, sikio karibu kabisa na udongo, akivuta kitu polepole. Filimbi hakuisikia.